Kawia Ufike: Mwongozo wa Utani kwa Muuguzi Aliyeukwepa Mtihani

Mwongozo huu ni wako wewe uliyehitimu uuguzi huko Marekani, ukavaa joho, ukapikiwa pilau, ukaombewa dua, ukachangiwa hadi keki, kisha ukaahirisha mtihani wa leseni "kidogo tu". Hicho kidogo sasa kimefikisha umri wa kuanza chekechea. Tunakujua. Uko Lowell, uko Dallas, uko Minneapolis, uko Des Moines, popote wasemaji wa Kiswahili walipotua mizigo. Unafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Unageuza wagonjwa wasipate vidonda vya mgongo, unapima presha, unamwonyesha nesi mgeni kabati la glovu, na jioni unapokea simu ya mama: "Mwanangu, ule mtihani umefikia wapi?" Nawe unajibu: "Bado kidogo, mama. Niombee."

Mama ameomba vya kutosha. Sasa ni zamu yako.

Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema kweli hata msibani, wala hakuna anayemkasirikia. Nipe ruhusa hiyo kwa muda huu mfupi. Nitakutania, lakini kila hatua iliyoandikwa hapa naiamini na nataka uifuate. Zote zinasimama juu ya jambo moja: usingoje ujasiri ndipo ukate tarehe. Kata tarehe, ujasiri utaukuta njiani.

Hatua ya 1: Mpe Kesho jembe

Nyumbani kwako kuna mgeni anaitwa Kesho. Alikuja wiki ya mahafali, akasema anapumzika siku mbili, akanenepea kwenye sofa. Kila ukishika kitabu anakohoa: "Ngoja kwanza zamu za Desemba ziishe." Desemba ikipita: "Subiri mchango wa harusi ya binamu." Harusi ikiisha: "Si mtoto anaanza shule?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miaka, na hata sahani hajawahi kuosha.

Jembe lake ni hili. Chukua karatasi, andika sababu zako zote za kuahirisha, kisha zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo yanayohitaji mpango: nani atabaki na watoto, zamu zipi zipunguzwe, ada italipwa na mshahara wa mwezi gani. Kila moja liandikie jina la mtu na siku. Fungu la pili ni hofu iliyojifanya shughuli: "Nimesahau dawa zote." "Nikianguka kanisa zima litajua." "Niliosoma nao sasa ni mameneja." Hizo hazihitaji mpango. Zinahitaji kusomwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu hofu ikishatamkwa hupungua kimo.

Kisha waambie ndugu. Shemeji anayekuweka kwenye kundi jipya la michango kila Ijumaa hawezi kujua kwamba unasoma kama hujamwambia. Mwambie wazi: "Shemeji, miezi mitatu hii nasoma. Nikishapata leseni mchango wangu utakuwa mnono." Shemeji mwenye akili atakuacha usome, na asiye na akili atakutoa kwenye kundi. Kote umefaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kuahirisha

Chukua kikokotoo. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa katikati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka, na wa msaidizi wa wauguzi karibu dola 39,500. Tofauti inazidi dola 54,000 kabla ya kodi. Muuguzi anayeanza hupata chini ya hapo, na majimbo hayalingani, lakini hata ukikata nusu bado ni ada ya wadogo zako kadhaa. Hiyo ndiyo bili ya chakula cha Kesho, na wewe ndiye unayeilipa kwa kufanya zamu mbili mfululizo hadi miguu ivimbe.

Bili ya pili ni ya kumbukumbu. Baraza la kitaifa la bodi za uuguzi za majimbo, NCSBN, ndilo linalotunga mtihani wa NCLEX, na tafiti zake zimeonyesha kwamba muda ukirefuka kati ya kuhitimu na kufanya mtihani, nafasi ya kufaulu hupungua. Akili yako haijaoza. Yale usiyoyatumia kazini ndiyo yanayofifia: viwango vya potasiamu, dalili za sumu ya digoksini, hatua za uzazi. Yaliyofifia hurudi yakisomwa, na hurudi haraka kuliko yalivyoingia mara ya kwanza.

Hatua ya 3: Soma sheria ya jimbo kabla ya kitabu

Usifungue ukurasa wa kwanza wa dawa kabla hujajua kama jimbo lako bado linakutambua. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Texas inataka uwe umefaulu ndani ya miaka 4 tangu kuhitimu, na ukipitiliza unaweza kurudishwa darasani. Florida inasema ambaye hakufanya mtihani ndani ya miezi 6 baada ya kuhitimu lazima kwanza amalize kozi ya matayarisho inayokubaliwa na bodi. Majimbo mengine yana ulegevu zaidi.

Kwa hiyo piga simu kwenye bodi, uliza maswali mawili: je, kuna ukomo wa miaka, na je, nitadaiwa nini kwa kuchelewa? Andika jibu, jina la aliyekujibu na tarehe. Usimuulize binamu wa jimbo jingine, kwa sababu atakujibu kwa uhakika mkubwa kuhusu sheria za kwao.

Hatua ya 4: Patanisha majina yako

Hapa wengi wetu tumelia. Majina ya kwanza na ya mwisho kwenye kitambulisho chako lazima yafanane kabisa na yale uliyojisajili nayo. Sasa angalia hali yetu. Cheti cha chuo kinasema Mwanaisha Juma. Pasipoti inasema Mwanaisha Juma Bakari. Leseni ya udereva imemfanya Juma kuwa ukoo na Bakari akapotelea mbali. Ukaolewa, ukaongeza jina la mume kwenye benki tu. Na kuna ndugu zetu waliofika na jina moja, maafisa wakawaandikia FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina lao halijulikani, ilhali kijiji kizima kinalijua.

Mlangoni pa kituo cha mtihani hakuna wa kumweleza historia ya ukoo. Majina yasipolingana unarudishwa, na ada imekwenda. Chagua kitambulisho kimoja kilicho hai, hakikisha hakitakwisha muda kabla ya siku ya mtihani, na jisajili kwa majina yaliyo juu yake, herufi kwa herufi. Pasipo na mpatano, anza kurekebisha leo, maana karatasi hizo huchukua wiki.

Hatua ya 5: Nunua tarehe

Hii ndiyo hatua ya kiume na ya kike. Unaomba leseni kwa bodi ya jimbo na kulipa ada yake, unajisajili kwa mtihani kupitia kampuni ya Pearson VUE na kulipa dola 200. Bodi ikishathibitisha kwamba unastahili, unaletewa kibali kwa barua pepe. Kibali hicho kina siku zake, kwa wastani 90, ingawa bodi hutofautiana, na hakiongezwi muda. Kikiisha hujafanya mtihani, unajisajili na kulipa upya.

Siku kibali kinapofika, usikiweke hadi mwisho wa wiki. Kata tarehe siku hiyo hiyo, kabla hujavua viatu vya kazini. Angalia pia saa. Kama umekuwa ukifanya kazi usiku kwa miaka, usichague saa mbili asubuhi kwa kuwa wengine wamefanya hivyo. Chagua saa ambayo akili yako huwa macho, na wiki ya mwisho usichukue zamu ya usiku hata wakikulipa mara mbili.

Hatua ya 6: Uujue mtihani ulivyo leo

Kitabu chako cha 2018 kinakuambia maswali ni 75 hadi 265 kwa saa 6. Kirudishe kabatini. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 mtihani wa wauguzi waliosajiliwa una maswali 85 hadi 150, na muda wote ni saa 5 pamoja na mapumziko. Umeongezewa visa vya wagonjwa: unapewa taarifa za mgonjwa mmoja, vipimo, maelezo ya zamu, kisha maswali sita yanayofuatana kumhusu. Unatakiwa utambue dalili zenye maana, uziunganishe, upange lipi la hatari zaidi, ubuni la kufanya, ulifanye, halafu uangalie kama limesaidia. Maswali mengi ya namna hiyo hutoa alama hata kwa jibu lililopatikana nusu.

Kompyuta huchagua swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyotangulia. Ukipata, linakuja gumu zaidi. Kwa hiyo maswali yakikuzidi ugumu usitoke jasho, umeheshimiwa. Hukubaliwi kurudi nyuma. Mtihani hukatika mashine ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango, ndiyo maana kukatika kwenye swali la 85 hakusemi umefaulu wala umeanguka. Usipoteze usiku kumuuliza rafiki alifikisha maswali mangapi.

Katika mpango wa mtihani wa 2023, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa usimamizi wa huduma, asilimia 15 hadi 21, likifuatwa na dawa, asilimia 13 hadi 19. Anzia huko.

Hatua ya 7: Acha kumkimbilia anayepiga kengele

Uzoefu wako wa wodini ni mali, ila una mtego mmoja. Umezoea kwenda kwanza kwa anayelalamika zaidi. Mtihani unataka uende kwa anayekaribia kuharibikiwa.

Tazama swali hili. Umeingia zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza alipasuliwa kidole tumbo jana, maumivu yake ni 7 kati ya 10. Wa pili ana ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake ni asilimia 90. Wa tatu alivunjika mguu, amefungwa plasta asubuhi, anasema maumivu yanazidi licha ya mofini, na vidole vya mguu vimekufa ganzi. Wa nne ana kisukari, sukari yake ni 210, na anangoja kifungua kinywa. Unamwona nani kwanza?

Moyo wako wa huruma umekwenda kwa wa kwanza, kwa sababu amesema 7. Lakini maumivu siku moja baada ya upasuaji yalitarajiwa. Oksijeni ya 90 inatisha kwa mtu mzima wa afya, ila kwa mapafu sugu ni kawaida yake. Sukari ya 210 itashughulikiwa kwa insulini iliyoandikwa. Wa tatu ndiye: maumivu yasiyosikia mofini pamoja na ganzi chini ya plasta ni dalili kwamba shinikizo limepanda ndani ya misuli na damu haipiti. Saa chache tu zikipita anaweza kupoteza mguu. Kwa kila mgonjwa jiulize: hili lilitarajiwa, au ni jipya?

Jambo la pili ni ugawaji wa kazi. Umekuwa ukipewa kazi, sasa utazigawa. Kuoga, kulisha, kupima presha ya mgonjwa aliyetulia, hayo unaweza kumpa msaidizi. Kutathmini, kufundisha na kuamua kama tiba imefanya kazi, hayo ni ya muuguzi aliyesajiliwa. Fanya maswali machache kila siku badala ya mia tatu Jumapili moja, na soma maelezo ya jibu hata pale ulipopata, kwa sababu kupata kwa bahati hakurudiwi.

Hatua ya 8: Mkwepe muuza njia ya mkato

Utamsikia tu. Ana namba ya simu, ana "maswali ya kweli", anamjua mtu. Mkumbuke aliyemwamini mwenzake. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walitangaza kesi ya vyuo vya Florida vilivyouza zaidi ya vyeti 7,600 bandia vya uuguzi. Watu walishtakiwa, na bodi za majimbo zikaanza kuwasaka waliovinunua na kuwafutia leseni. Wewe una shahada ya halali uliyoitolea jasho. Kuichafua kwa sababu ya haraka ya wiki mbili ni kumdhulumu mgonjwa atakayelala mikononi mwako.

Hatua ya 9: Ukianguka, inuka na karatasi

Mwaka 2024, kati ya kila waliosomea Marekani 100 waliofanya mtihani huu mara ya kwanza, 91 hivi walifaulu. Kwa waliorudia walikuwa kama nusu. Jiandae kwa mara ya kwanza kwa nguvu zako zote, na ukianguka bado mlango haujafungwa. Utaletewa ripoti inayoonyesha kwa kila eneo kama ulikuwa juu, karibu au chini ya kiwango. Utaratibu wa NCSBN unakuruhusu kurudia baada ya siku 45, ingawa bodi ya jimbo inaweza kuwa na masharti yake. Anza kusoma pale ripoti ilipoandika chini. Usirudie kitabu kizima kwa hasira.

Waliorudia wakafaulu ni wauguzi leo, na wagonjwa wao hawajawahi kuwauliza walifaulu mara ya ngapi.

Hatua ya 10: Iingie kazi ya kwanza kwa kichwa juu

Leseni imetoka, jina lako linaonekana kwenye daftari la umma la Nursys. Mpigie mama kabla ya mtu mwingine. Kisha tafuta kazi, ukisoma matangazo kwa makini. Hospitali nyingi zina programu za mwaka mmoja za kuwalea wauguzi wapya, na baadhi hutaka aliyehitimu ndani ya miezi 12. Nyingine huhesabu uzoefu wa leseni, siyo tarehe ya mahafali, na hizo zinakufaa. Zaidi ya hapo kuna vituo vya kusafisha damu, wodi za urekebishaji viungo, hospitali za magonjwa ya akili, hospitali ndogo za vijijini, na nyumba ya wazee unayoijua kila kona. Popote utakapopewa mwalimu wa kukuongoza kwa wiki kadhaa pana thamani kuliko jina kubwa lisilo na wa kukufundisha.

Kwenye usaili utaulizwa kwa nini umechelewa. Jibu kwa sentensi mbili za kweli: "Nilikuwa nikitunza familia huku nikifanya kazi wodini. Nilirudi kusoma, nikafaulu, na niko tayari." Nyamaza hapo. Usianze kutaja majina ya harusi.

Halafu waonyeshe unachokijua. Wewe ndiye uliyegundua kwamba bibi wa chumba cha 12, aliyekuwa akikusimulia habari za wajukuu kila usiku, leo anauliza treni inaondoka saa ngapi. Ulipokuwa msaidizi ulimwita nesi. Sasa nesi ni wewe, ni saa tisa usiku, na daktari yuko kwenye simu. Usiombe radhi kwa kumwamsha. Mweleze kwa mpangilio: "Daktari, naomba ushauri kuhusu mgonjwa wa chumba cha 12. Amechanganyikiwa ghafla tangu saa moja iliyopita. Ana miaka 84, ana katheta ya mkojo, jana alikuwa na akili timamu. Joto ni 38.6, presha 94 kwa 50, mapigo 112, mkojo una ukungu. Nahofia maambukizi yanayosambaa kwenye damu. Naomba uje umwone sasa, na uagize vipimo vya damu na mkojo." Hali, historia, tathmini, ombi. Dakika moja, na huenda umeokoa maisha. Miaka uliyokaa karibu na vitanda ndiyo iliyokufundisha kuona badiliko hilo. Leseni inakupa mamlaka ya kulifanyia kitu.

Wahenga walituachia mausia mawili kuhusu kuchelewa. Mmoja ulituonya: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwingine ulitupa moyo: kawia ufike. Umeshakawia. Hilo limetosha, na hakuna wa kukudai maelezo zaidi. Kilichobaki ni kufika. Leo, kabla ya zamu yako kuanza, piga simu kwenye bodi ya jimbo lako. Kesho hatakupigia.